Dozi ndogo ya OTC kwenye maji ya kuku inawafanya nini bakteria?

"Daktari, habari za kazi. Ninafuga kuku wa mayai 300 hapa Chanika. Tangu walipoanza kutaga nimekuwa nikiwawekea antibayotiki ya OTC kwenye maji karibu kila siku kama kinga. Siyo dozi ya tiba, ni kama robo tu ya kilichoandikwa kwenye pakiti. Wanataga vizuri, sina malalamiko. Lakini mdogo wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Kilimo, SUA, alipokuja likizo akaniambia niache mara moja, eti dozi ndogo 'inabadilisha jeni' za bakteria. Mimi naona dawa ambayo ni kidogo kiasi cha kutoua haina la kufanya, nzuri wala baya. Hofu yangu ni kwamba jeni zikibadilika, kuku na mayai si yatabadilika pia? Halafu mwaka huu nimeugua UTI mara mbili, na ya pili dawa ya kwanza iligoma kabisa. Rafiki yangu anasema mwili wangu umeshazoea dawa kwa kula mayai ya kuku hao. Nifanye nini?"

Dada yangu, nianze na hilo la kuku na mayai, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. OTC, yaani oksitetrasaiklini, haibadilishi jeni za kuku wako, wala za yai, wala zako. Mdogo wako alikuwa anazungumzia bakteria: walio matumboni mwa kuku, walio kwenye vyombo vya maji, walio kwenye maranda ya bandani. Na hata kwa bakteria, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jeni inaweza kubadilika yenyewe, na jeni inaweza kubaki ilivyo lakini ikawashwa au kuzimwa. Dozi ndogo hufanya hili la pili ndani ya dakika chache tu. Lile la kwanza hufuata baadaye, na hilo la pili ndilo linaloliandalia njia.

Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini, yaliyoandikwa kwenye DNA. Bakteria mmoja wa aina ya E. coli, anayeishi matumboni, ana jeni zaidi ya 4,000. Hazisomwi zote kwa wakati mmoja, kwa sababu kila protini inayotengenezwa inamgharimu chakula na nguvu. Jeni za kumeng'enya sukari ya maziwa, kwa mfano, hukaa kimya mpaka sukari hiyo ipatikane. Joto likipanda, chakula kikipungua, sumu ikiingia, jeni kadhaa huamshwa na nyingine hunyamazishwa. Herufi za DNA zinabaki zilezile. Kinachobadilika ni jeni zipi zinasomwa na kwa kasi gani.

Sasa tuje kwenye wazo lako kwamba dawa isiyoua haina la kufanya. Ni wazo linaloingia akilini kirahisi, na wafugaji wengi wanalo, lakini siyo kweli. Kwanza, hata ukiwapa kuku dozi kamili, OTC kwa kawaida haiui bakteria. Inawazuia kuzaliana. Inajishika kwenye ribosomu, mtambo wa kutengenezea protini ndani ya bakteria, na kazi ya humo inasimama, kinga ya kuku ikapata nafasi ya kuwamaliza. Ukitoa robo ya dozi, ribosomu chache tu ndizo zinazoguswa. Bakteria haachi kukua, lakini anajua kuna kitu kimeingia, na anajipanga.

Kujipanga huko kulipimwa vizuri sana mwaka 2002 na Ee-Been Goh, Julian Davies na wenzao huko Kanada, katika Chuo Kikuu cha British Columbia. Walichukua Salmonella, ndugu wa yule anayeleta taifodi ya kuku, wakatengeneza makoloni 6,500 tofauti. Katika kila koloni waliunganisha kipande cha DNA cha kuwashia jeni na jeni za kutoa mwanga. Kiwashio kikifanya kazi, koloni linang'aa gizani, kikizimwa, linafifia. Kisha wakawawekea antibayotiki za eritromaisini au rifampisini kwa kiasi kidogo kisichoweza kuwazuia kukua. Hadi asilimia 5 ya viwashio vilibadili mwanga wake, vingine kwa kuongeza na vingine kwa kupunguza. Ungeitazama sahani ile mchana ungesema bakteria wanakua kama kawaida, hawana habari na dawa. Ukizima taa ndipo unaona mamia ya jeni zimebadili mwendo.

Davies alitumia miaka mingi akitetea hoja kwamba antibayotiki ikiwa kidogo ni ishara ya kikemikali ambayo bakteria huipokea na kuijibu, na ikiwa nyingi ndiyo inakuwa sumu. Hoja hiyo ina mashiko ukikumbuka dawa hizi zilikotoka. Oksitetrasaiklini hutengenezwa na bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces rimosus, na kampuni ya Pfizer ilianza kuiuza mwaka 1950 kwa jina la Terramycin. Bakteria wengine wameishi jirani naye tangu zamani sana kabla yetu, wakikutana na kemikali hiyo kwa vipimo vidogo vidogo. Siyo ajabu kwamba wanazo jeni zinazoitambua.

Jeni mojawapo nataka uijue kwa jina, kwa sababu bila shaka ipo bandani kwako. Inaitwa tetA. Inatengeneza pampu inayokaa kwenye utando wa bakteria na kuitema tetrasaiklini, yaani familia ya dawa ambayo OTC imo, nje kila inapoingia. Pampu hiyo ina gharama. Ikijengwa kwa wingi wakati haihitajiki, inamdhoofisha mwenyewe. Kwa hiyo jeni hufungwa na protini iitwayo TetR, ambayo hukalia DNA kama komeo la mlango, na ufunguo wa komeo hilo ni tetrasaiklini yenyewe. Dawa ikiingia, TetR inainasa, inabadilika umbo, inaiachia DNA, na tetA inaanza kusomwa. Pampu zinajengwa. Na sehemu inayokuhusu wewe ni hii: TetR inaishika tetrasaiklini kwa nguvu takriban mara elfu moja kuliko ribosomu inavyoishika. Maana yake komeo linafunguka mapema, dawa ikiwa bado ni chache mno kuweza kuvuruga ribosomu. Ile robo yako ya dozi haimsumbui bakteria mwenye tetA. Inamwamsha tu ajenge pampu, na siku utakapoleta dozi kamili kwa sababu kuku wanaumwa kweli, utamkuta yuko tayari.

Hapo bado hatujafika kwenye jeni kubadilika. Ukiacha kuweka dawa, TetR hurudi mahali pake na pampu hupungua. Lakini tazama kinachotokea kwa bakteria wote wa tumboni kwa ujumla wao. Wale wasio na pampu wanapunguzwa mwendo kidogo kila siku, na wenye pampu wanaendelea kuzaana. Tofauti ndogo ya kasi inatosha, kwa sababu bakteria huzaa vizazi vingi sana ndani ya wiki moja. Kundi la watafiti la Dan Andersson, Chuo Kikuu cha Uppsala huko Uswidi, lilionyesha mwaka 2011 kwamba kwa dawa ya siprofloksasini bakteria sugu, yaani wale ambao dawa haiwawezi, huweza kuwashinda wenzao hata dawa ikiwa sehemu moja tu kati ya 230 ya kiwango kinachozuia ukuaji. Kwa tetrasaiklini waliona hali hiyo kwenye sehemu moja kati ya mia hivi. Robo ya dozi iko juu sana ya hapo.

Kisha kuna kupeana jeni. Jeni za usugu aghalabu hukaa kwenye plasmidi, vijiduara vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa aina tofauti, na plasmidi moja mara nyingi inabeba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja: tetrasaiklini, ampisilini, salfa, streptomaisini. Ukitumia moja tu kati ya hizo, unawalinda wenye usugu wa zote. Zaidi ya hapo, dawa yenyewe inaweza kuchochea upeanaji. Kwa Bacteroides, bakteria wa kawaida wa utumbo, Abigail Salyers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois waligundua kwamba tetrasaiklini kidogo huwasha jeni za uhamishaji, na jeni za usugu zikahama mara mia hadi mara elfu zaidi ya kawaida.

Usije ukafikiri haya yanaishia maabara. Stuart Levy wa Chuo Kikuu cha Tufts alifanya jaribio lililofanana mno na banda lako, kwenye shamba la familia moja jimbo la Massachusetts, Marekani, akatoa matokeo mwaka 1976. Kuku walilishwa chakula chenye oksitetrasaiklini kwa kiasi kidogo. Ndani ya wiki moja, bakteria wa matumboni mwao walikuwa karibu wote sugu kwa tetrasaiklini. Baadaye usugu wa dawa nyingine, ambazo kuku hawakupewa kabisa, ukaanza kuonekana. Na jaribio lilipofikisha miezi mitano hadi sita, kwenye asilimia 31 ya vipimo vya choo vya watu waliokuwa wakiishi shambani pale, zaidi ya asilimia 80 ya bakteria walikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani zao ilikuwa asilimia 7 tu. Watu wale hawakumeza kidonge chochote cha tetrasaiklini. Walikuwa wanahudumia kuku. Kilichonitia moyo katika kazi ile ni kwamba chakula chenye dawa kilipoondolewa, hali kwa wengi wa familia ile ilirudi chini katika miezi iliyofuata.

Kuna mfugaji mwingine atakusikia una wasiwasi na OTC akakushauri uhamie enrofloksasini, antibayotiki nyingine ya mifugo, "kidogo kidogo." Tafadhali usifanye hivyo. Dawa hiyo inavuruga DNA ya bakteria moja kwa moja, na sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini mwilini, dawa ileile wanayopewa watu. DNA ikikatika, protini iitwayo RecA inashika vipande vilivyokatika na kuifanya protini nyingine, LexA, ijikate yenyewe. LexA ndiyo iliyokuwa imezima jeni zaidi ya 40 za dharura. Zikiwaka, bakteria anaacha kujigawa, anarefuka kama uzi, na anatumia vimeng'enya vya kunakili DNA bila umakini, vinavyoacha makosa mengi. Akiuawa na dozi kamili, makosa hayo yanakufa naye. Akiachwa hai na dozi ndogo, kosa moja kati ya mengi linaweza kuwa lile linalomfanya asishikwe tena na dawa. Mwaka 2004 kundi la mtafiti Matthew Waldor lilionyesha kwamba mfumo huohuo wa dharura huwasha pia uhamishaji wa SXT, kifurushi cha jeni za usugu kinachobebwa na bakteria wa kipindupindu. Marekani iliipiga marufuku enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005.

Nirudi kwako. Robo ya dozi unayopima kwenye ndoo siyo hata robo inapofika kwa bakteria. Oksitetrasaiklini hushikamana na kalsiamu, na chakula cha kuku wa mayai kimejaa chokaa na dagaa wenye mifupa ili maganda yawe magumu. Dawa iliyoshikamana na kalsiamu haifyonzwi vizuri kwenda kwenye damu. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo hupunguza. Jua nalo huivunja dawa iliyo ndani ya maji, kwa hiyo kile kinachobaki kwenye chombo saa tisa alasiri sicho ulichoweka asubuhi. Na ingiza kidole ndani ya chombo cha maji cha zamani, upande wa chini: ule utelezi unaousikia ni bakteria waliojengeana utando. Kwa baadhi ya dawa, dozi ndogo huwasha jeni za kujenga utando huo hasa. Ilithibitishwa mwaka 2005 kwa tobramaisini na bakteria Pseudomonas. Waliojificha humo hunusurika hata dawa ikiwa nyingi.

Utaniuliza, mbona basi wanataga vizuri? Sitakudanganya kwamba unaona mauzauza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani, Thomas Jukes akiwa mmojawapo, waliona vifaranga wanaolishwa mabaki ya utengenezaji wa klorotetrasaiklini, dawa ndugu ya OTC, wanakua haraka zaidi, na dunia nzima ikaiga. Faida ilikuwepo, hasa kwenye mabanda machafu na yenye msongamano. Banda likiwa safi, lenye hewa, chakula kizuri na chanjo zimekamilika, faida hiyo hupungua mpaka haionekani. Denmark waliacha kuwapa kuku wa nyama dawa za kukuzia mwaka 1998 na uzalishaji haukuporomoka. Umoja wa Ulaya ukazifuta kwa mifugo yote mwaka 2006. Kwa kuku 300 wanaotunzwa na mtu mmoja anayewajua, nina imani utunzaji wako ndio unaowatagisha.

Kwa hiyo acha leo, dada. Hakuna haja ya kupunguza polepole. Dawa hii kuku hawaizoei kiasi cha kuumia ikikatwa. Ila kama kwa sasa wako kwenye tiba aliyoagiza daktari wa mifugo kwa ugonjwa aliouona, hiyo imalize kwa dozi na siku alizosema. Kuhusu mayai, soma kwenye pakiti muda wa kusubiri, yaani siku ambazo mayai hayaruhusiwi kuuzwa wala kuliwa baada ya dawa ya mwisho. Kama pakiti haisemi lolote kuhusu kuku wanaotaga, mpigie afisa mifugo wa kata kabla hujauza trei inayofuata. Najua hiyo ni hela inayokaa chini, lakini wanunuzi wako wanakula mayai hayo pamoja na mabaki ya dawa.

Pesa ya OTC ipeleke kwenye chanjo. Kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo, kinaletwa na kirusi, na Gumboro vilevile. Hakuna antibayotiki inayovigusa, iwe robo au ndoo nzima. Chanjo ya kideri inayovumilia joto hutengenezwa hapo jirani yako tu, Kibaha. Sugua vyombo vya maji kwa brashi na sabuni kila siku mpaka utelezi uishe, vikauke juani, badili maranda yanapolowa. Samadi usiipeleke mbichi kwenye bustani ya mchicha: sehemu kubwa ya oksitetrasaiklini hutoka kwenye kinyesi ikiwa nzima, na bakteria sugu wanatoka nayo. Irundike ioze kwanza. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka bandani, na viatu vya bandani viishie bandani.

Sasa kuhusu UTI yako. Rafiki yako ana nia njema, ila mwili wa mtu hauzoei antibayotiki. Wanaokuwa sugu ni bakteria, na unaweza kuwabeba hata kama hukuwahi kumeza dawa hiyo. UTI nyingi huletwa na E. coli anayetoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Je, E. coli wako alitoka bandani? Inawezekana, familia ile ya Massachusetts ni ushahidi kwamba njia ipo. Lakini inawezekana vilevile alitoka kwenye vidonge vilivyokatishwa siku za nyuma, au kwa mtu mwingine nyumbani, na mimi nikikuhukumu kutoka hapa nitakuwa nabahatisha. Yai lililoiva vizuri siyo mtuhumiwa wangu wa kwanza; joto linaua bakteria. Ningetazama zaidi mikono, kinyesi, na mayai yaliyopasuka.

UTI ikirudi tena, usiende duka la dawa kununua kidonge kwa kukisia. Nenda hospitali, omba mkojo uoteshwe na bakteria wapimwe ni dawa gani inawaweza, na utoe mkojo huo kabla ya kumeza dawa yoyote. Mwambie daktari kwamba unafuga kuku na kwamba walikuwa wanapewa OTC. Ni taarifa itakayomsaidia kuchagua. Ukipata homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika, au kama una mimba, nenda siku hiyohiyo.

Na kuku wakianza kufa, au mayai yakishuka ghafla, au ukiona mafua, kuhara au kupooza kwa wengi kwa pamoja, mwite daktari wa mifugo kabla ya kufungua pakiti yoyote. Ukiweza, peleka mzoga wa kuku aliyekufa siku hiyo pamoja na kuku mmoja au wawili wanaoumwa kwenye maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke. Mzoga uufunge kwenye mifuko miwili na uuweke kwenye chombo chenye barafu, lakini usiugandishe, maana ukiganda viungo vya ndani havisomeki vizuri tena.